Tuyarudishie macho mapumziko yaliyoporwa na tarakilishi

Mswahili akitaka kueleza muda mfupi kupita kiasi husema "kufumba na kufumbua". Hakuhitaji saa wala mizani ili kuupata msemo huo. Alilitazama jicho la mwenziwe tu, akatambua kwamba mwilini hamna tendo jepesi na la haraka kama la kope kushuka na kupanda. Tendo lenyewe ni dogo mno hata mwenye jicho hana habari nalo. Ni nani kati yetu aliyewahi kuhesabu amepepesa macho mara ngapi tangu alfajiri?

Yaelekea wakati wa kuhesabu umewadia. Katika vyumba vya walimu, katika mabweni ya vyuo vikuu na katika ofisi za wahadhiri, malalamiko ni yale yale. Macho yanachonyota kana kwamba yametiwa mchanga. Herufi zinacheza ngoma ukurasani. Kichwa kinagonga juu ya nyusi, shingo imekakamaa, na mtu akiinua uso kutazama nje ya dirisha huona ukungu kwa muda kabla ya miti kurejea mahali pake. Hali hii si ya wazee pekee. Vijana wa miaka ishirini wanaisimulia kwa lugha ambayo zamani tuliisikia kwa mafundi saa na washonaji.

Ukiwauliza wenye maumivu haya chanzo chake, wengi watakujibu kwamba ni miale. Tarakilishi, wasema, inatoa miale inayoyachoma macho polepole, na simu ya mkononi ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa inashikwa karibu na uso. Imani hii imeenea kiasi kwamba imezaa biashara, kama nitakavyoonyesha. Hata hivyo, imani hiyo haina mashiko. Kiwambo si sumu. Kosa la tarakilishi ni la aina nyingine kabisa, nalo ni kwamba imetupora mapumziko madogo madogo ambayo vyombo vya zamani vya kusomea na kuandikia vilitulazimisha kuyachukua, tupende tusipende. Tukikosea kuutambua ugonjwa, bila shaka tutakosea pia dawa.

Tuanze na kupepesa. Mbele ya jicho pana utando mwembamba wa machozi. Machozi hayo si yale ya kilio, bali ni mchanganyiko wa maji, mafuta na ute unaolifanya jicho liwe laini na kuupitisha mwanga bila kuupotosha. Kila kope inaposhuka hutandaza utando huo upya, mfano wa mtu anayepiga deki sakafu. Kope ikichelewa, utando unapasuka, jicho linakauka mahali mahali, na hapo ndipo mtu anapohisi mchanga usiokuwapo na kuziona herufi zikififia. Akifikicha jicho huongeza madhara.

Mnamo 1993, watafiti wawili wa Kijapani, Tsubota na Nakamori, walichapisha matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi 104 wa ofisini. Walipokuwa wametulia bila kazi, wafanyakazi hao walipepesa macho takriban mara 22 kwa dakika. Waliposoma kitabu walipepesa mara 10. Waliposoma maandishi kwenye kiwambo cha tarakilishi walipepesa mara 7 tu. Namwomba msomaji azitazame tarakimu hizo kwa makini. Kitabu nacho kinapunguza kupepesa, tena kwa zaidi ya nusu, kwa hivyo tusidhani kwamba karatasi haina lawama. Jicho la msomaji limekuwa likikodoka tangu kusoma kulipoanza. Tofauti ni kwamba kitabu hulazwa mezani au mapajani, macho yakainama na kope zikafunika sehemu kubwa ya jicho. Kiwambo husimama wima mbele ya uso. Jicho linalokitazama huwa limefunguka wazi, na eneo linalopigwa na upepo linakuwa kubwa zaidi. Hivyo jicho linalowazi zaidi ndilo linalopepesa kidogo zaidi. Tuna haja gani ya kutafuta miale?

Jambo la pili ni msuli. Ndani ya jicho mna lenzi inayozungukwa na msuli mdogo, ambao hujikaza tunapotazama kitu kilicho karibu na kulegea tunapotazama mbali. Mtu akitazama kitu kilicho umbali wa mita sita au zaidi, msuli huo huwa karibu umepumzika kabisa. Akitazama simu iliyo sentimita thelathini kutoka usoni, huwa umekazwa. Atakayetaka kuielewa kazi hiyo na achukue ndoo yenye maji lita mbili, ainyoshe mkononi, kisha aniambie baada ya dakika kumi kama ni uzito uliomchosha au ni kule kutoishusha. Lita mbili si kitu. Kinachoumiza ni kutopumzika.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa maana historia ya uandishi ina jambo la kutufunza.

Malalamiko ya macho si mageni. Tabibu wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, aliyeandika kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi mwaka wa 1700, aliwataja watu wa kazi ndogondogo za mikono ambao macho yao yalidhoofika kwa kukazia vitu vidogo siku kutwa. Wakati huo hapakuwa na umeme, seuze kiwambo. Lakini mtazame mwandishi wa enzi hizo, au mtazame mnukuzi wa karibu nasi zaidi, marehemu Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945 baada ya kunakili kwa hati ya Kiarabu miswada mingi ya tenzi inayohifadhiwa hadi leo katika maktaba za Ulaya. Kalamu ya mnukuzi huishiwa na wino kila baada ya maneno machache. Sharti aiinue, aichovye kidauni, aikung'ute. Katika muda huo jicho limeachana na mstari, kope imeshuka, msuli umelegea. Kisha ukurasa ukijaa sharti usubiriwe ukauke. Mnukuzi hakuyaita mambo hayo mapumziko. Yumkini aliyaona kuwa ni usumbufu.

Taipureta nayo ilikuwa na usumbufu wake. Mwisho wa kila mstari kengele ililia, mkono ukainuka kuirudisha karatasi mwanzo. Kila ukurasa ulipokwisha ulichomolewa na mwingine kuingizwa. Mwanafunzi wa zama hizo aliyefanya utafiti katika maktaba aliinuka kwenda kwenye makabati ya kadi, akavuta droo, akaandika namba ya kitabu, akapanda ngazi, akatafuta rafuni, akarudi. Miguu ilifanya kazi na macho yakatazama mbali.

Tarakilishi imeyafuta yote hayo, na ndiyo sababu tunaipenda. Wino hauishi, mstari hurudi wenyewe, ukurasa hauna mwisho, na vitabu vya maktaba nzima vinakuja mtu akiwa ameketi pale pale. (Sisi wanaisimu tulibishana kwa miaka na mikaka kama chombo hiki kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Laiti tungalitenga hata robo ya ubishi huo kwa macho yanayokitazama!) Pumziko lililokuwa limefungwa ndani ya kazi yenyewe sasa sharti likumbukwe, na binadamu aliyezama kazini si kiumbe wa kukumbuka.

La kuhuzunisha zaidi ni kwamba hata starehe imehamia mahali pale pale. Mwanafunzi akichoka kusoma makala katika simu hufanya nini? Huifunga makala na kufungua picha za mpira au gumzo la marafiki katika simu ile ile, umbali ule ule, kwa herufi ndogo zile zile. Moyo wake umepumzika lakini jicho halijui kwamba somo limekwisha. Linaendelea kuibeba ile ndoo.

Tukija nyumbani, mambo yamekwenda kwa kasi. Mwaka wa 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma. Shule na vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mihadhara ikahamia mtandaoni katika muda wa wiki chache, na milango ilipofunguliwa tena si yote iliyorudi darasani. Silaumu hatua hizo. Nalaumu kwamba tulihamisha masomo bila kuhamisha fikira kuhusu mwili wa anayesoma.

Chukua mfano wa makala tunazowapa wanafunzi. Mhadhiri ana nakala ya sura ya kitabu iliyotolewa kivuli miaka kumi iliyopita, kurasa zimepinda, kingo ni nyeusi, na nusu ya maneno ya pambizoni yamemezwa na mshono wa kitabu. Anaipiga picha na kuituma kwa darasa la watu mia mbili. Wengi wao hawana kipakatalishi. Wana simu yenye upana wa kiganja. Ukurasa uliochapishwa kwa karatasi kubwa unabanwa humo mpaka herufi zinakuwa kama siafu. Mwanafunzi akiukuza, mstari unatoka nje ya kiwambo, naye analazimika kuuvuta kushoto na kulia kwa kidole, mstari baada ya mstari, kwa kurasa arubaini. Kisha darasani tunauliza kwa mshangao kwa nini vijana wa siku hizi hawasomi!

Hili ni suala la ualimu kabla ya kuwa suala la udaktari. Maandishi yaliyopigwa chapa upya au kuhifadhiwa kama maandishi, wala si kama picha, yanaweza kukuzwa na mistari ikajipanga upya kulingana na upana wa simu. Kazi ya kuyaandaa hivyo hufanywa mara moja na mhadhiri mmoja, na faida yake huwafikia mia mbili kila mwaka. Nakala tatu au nne za karatasi zikiwekwa kwenye maktaba ya idara, gharama yake ni ndogo kuliko ya chai ya mkutano mmoja wa kamati. Sioni udhuru wa idara yoyote kushindwa na hayo.

Niwageukie walimu wenzangu waliotimiza miaka arubaini na kuendelea. Katika umri huo, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na kutoweza kujibinua vya kutosha kwa ajili ya vitu vya karibu. Hakuna aliyeepushwa, awe ametumia tarakilishi maishani au la. Dalili ni mashuhuri: mtu huanza kuusogeza waraka mbali na uso hadi mkono unapoishia, kisha hulaumu taa. Siku hizi hulaumu tarakilishi. Mwalimu wa aina hii anayeingiza alama za darasa la wanafunzi hamsini mtandaoni usiku, katika simu, anaumia maradufu, na nusu ya maumivu yake ingeondolewa na miwani ya kusomea.

Tusiipuuze miwani hiyo kwa kuwa ni kitu cha kawaida. Mwaka wa 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa miongoni mwa wachumaji majani chai wa Assam nchini India wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza kiasi cha chai walichochuma kwa siku, na ongezeko lao liliwapita wenzao wasiopewa kwa asilimia 20 na ushei. Ikiwa miwani humsaidia kiasi hicho mtu anayetafuta jani kichakani, je, anayetafuta kosa la tahajia katika insha hamsini?

Ila kuna jambo ambalo wauzaji wa miwani barabarani hawalisemi. Miwani iliyopimwa kwa umbali wa kitabu, yaani sentimita arubaini hivi, si lazima ifae kwa kiwambo kilicho sentimita sitini au sabini. Mwenye miwani ya sehemu mbili naye hulazimika kuinua kidevu ili akisome kiwambo kupitia sehemu ya chini, na jioni hulalamikia shingo. Kwa hiyo, unapokwenda kupimwa, mwambie mpimaji unafanya kazi gani na kiwambo chako kiko umbali gani. Akikuuliza unajuaje, mwambie ulipima kwa rula.

Kuna na wale wasiojua kwamba wanahitaji miwani tangu utotoni. Nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika darasa la sintaksia ambaye kila mmoja alimwona mvivu. Alisoma aya moja, akafunga, akalala juu ya meza. Alipopimwa macho ilibainika kwamba umbo la jicho lake halikuwa sawasawa, hivyo herufi zilimjia zikiwa na kivuli, na alikuwa akipambana na kivuli hicho kwa nguvu zote tangu shule ya msingi. Alidhani watu wote huona hivyo. Kiwambo hakikumletea kasoro hiyo. Kilizidisha saa za kusoma hadi kasoro ikamshinda.

Nilisema kwamba imani ya miale imezaa biashara. Pita katika mitaa ya miji yetu, utauziwa miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, kwa bei ambayo mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa masomo hawezi kuilipa bila kukosa chakula. Mwaka wa 2023, watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 17 ya miwani ya aina hiyo na kuyapima kwa pamoja. Walihitimisha kwamba, kwa muda mfupi, huenda miwani hiyo haipunguzi uchovu wa macho unaotokana na tarakilishi ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Mwanga wa buluu utokao kwenye kiwambo ni hafifu sana ukilinganishwa na ule wa jua tunalotembea chini yake kila siku hapa kwetu ikweta. Kwa maoni yangu, fedha hizo zitumike kupimwa macho.

Hatari zaidi ni matone ya macho yanayonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Matone yanayofanana na machozi kwa ajili ya kulainisha jicho hayana shida kubwa. Lakini mengine yana dawa za jamii ya steroidi, ambazo huondoa wekundu upesi na kumfurahisha mtumiaji, ilhali zikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho au kuleta mtoto wa jicho. Rafiki akikupa kichupa kilichomsaidia yeye, mrudishie.

Nini kifanyike basi? Wengi wamesikia kanuni ya ishirini mara tatu, iliyoenezwa na mtaalamu wa macho wa Marekani, Jeffrey Anshel: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, kwa sekunde 20. Ni kanuni nzuri, na futi 20 ni zile mita sita nilizozitaja awali. Ila umaarufu wake umetokana zaidi na wepesi wa kukumbukwa kuliko na ushahidi mzito kuhusu idadi hizo. Mimi ningesema sekunde 20 ni chache mno, na kwamba mapumziko bora ni yale yanayomwinua mtu kitini: kwenda kuchota maji, kufungua dirisha, kumsikiliza mwenzako kwa dakika tatu ukimtazama usoni. Anayesoma peke yake na ajizoeze kupepesa kwa makusudi kila anapomaliza aya, kope zikutane kabisa, kwani mbele ya kiwambo wengi hupepesa nusu nusu. Atajihisi mjinga kwa siku mbili tatu, kisha atazoea.

Mengine ni mambo ya meza. Kiwambo kiwe umbali wa mkono ulionyoshwa, na ukingo wake wa juu usipande kuliko macho, ili jicho literemke kidogo na kope zilifunike. Dirisha liwe ubavuni, wala si nyuma yako likakumulika kiooni, wala si nyuma ya kiwambo likakupiga usoni. Feni isielekezwe usoni, jambo ambalo wenzetu wa Mombasa watalipinga, nami nawaelewa. Kusoma simu gizani chini ya blanketi tuache. Herufi zikuzwe bila aibu. Nimewaona watu wazima wanaokataa kukuza herufi wakidhani ni dalili ya uzee, na badala yake wanausogeza uso, jambo linalowafanya waonekane wazee zaidi.

Kwa watoto suala ni zito kuliko uchovu. Uchovu wa kiwambo hauachi kovu, lakini kuna ushahidi kwamba mtoto anayekosa muda wa nje yumo hatarini zaidi ya kuwa na macho yasiyoona mbali, na hali hiyo ikianza haimwachi. Huko Guangzhou nchini Uchina, wanafunzi wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 yao walikuwa wamepata tatizo hilo, ikilinganishwa na asilimia 39.5 katika shule zisizoongezewa, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015. Sasa tazama ratiba za shule zetu. Somo la elimu ya viungo limeandikwa, lakini ni nani asiyejua kwamba saa yake hunyakuliwa na hisabati au sayansi mitihani inapokaribia? Mwalimu mkuu anayeuruhusu unyakuzi huo anadhani ameokoa alama.

Wala mwalimu asiseme kwamba macho si kazi yake. Katika kaunti ya Trans Nzoia, Dkt Hillary Rono na wenzake walifanya utafiti katika shule 50, ambapo walimu wenyewe ndio waliowapima wanafunzi macho. Katika nusu ya shule walitumia programu ya simu iitwayo Peek, na wazazi wa waliogunduliwa kuwa na shida wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yanaonyesha kwamba asilimia 54 ya wanafunzi walioelekezwa hospitalini kutoka shule hizo walifika, ilhali katika shule zilizotumia njia ya kawaida walifika asilimia 22. Simu ile ile tunayoilaani ndiyo iliyowafikisha kwa daktari, mikononi mwa mwalimu wa kawaida aliyepewa mafunzo mafupi. Sijui ni kaunti gani inayoweza kudai kwamba haina mwalimu mwenye simu.

Linabaki suala la wenye mamlaka. Mwaka wa 1990 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana kwamba mwajiri sharti apange kazi ya kiwambo ili ikatizwe na mapumziko au na kazi ya namna nyingine, na kwamba mfanyakazi ana haki ya kupimwa macho. Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtwika mwajiri jukumu la jumla la kulinda afya ya mfanyakazi wake. Mwalimu ni mfanyakazi. Agizo la kuingiza alama zote mtandaoni kufikia usiku wa manane wa Ijumaa, huku mtandao wenyewe ukikwama hadi saa nne usiku, ni agizo linalogusa afya, na vyama vya walimu havina sababu ya kulinyamazia vikisubiri mjadala wa mishahara. Vyuo navyo viache kupanga mihadhara ya mtandaoni ya saa tatu mfululizo kwa sababu tu ratiba ya darasani ilikuwa hivyo. Darasani mwanafunzi hutazama ubao ulio mbali, humtazama mhadhiri akitembea, humtazama jirani yake. Mtandaoni hutazama mahali pamoja. Dakika 50, kisha 10 za kuinuka, zatosha, na mhadhiri awe wa kwanza kuzima kamera.

Tahadhari moja kwa wote. Uchovu wa kiwambo huja katika macho yote mawili na hupungua mtu akilala au akipumzika mwisho wa wiki. Jicho moja likififia ghafla, au mtu akiona mwako wa taa usiokuwapo, au pazia jeusi likitanda upande mmoja, au jicho likiwa jekundu na kuuma pamoja na kutapika, hapo hatuzungumzii tarakilishi tena. Aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama kesho yake ana mtihani.